Fikra Hutangulia Kikombe

Darasani tumefundishwa kwamba ulevi hugeuza ubongo. Nataka kuongeza jambo nililoliona nyumbani kwetu, hapa hapa Kitangari: kabla mkono haujashika kikombe, fikra imekwisha tangulia.

Mjomba wangu alikuwa mnywaji wa nipa. Kila mwaka aliacha kwa miezi kadha, nasi tukafurahi. Lakini msimu wa korosho ulipofika, mabibo yakaanguka na harufu yake ikaenea shambani, alirudia. Nilidhani ni mtu dhaifu. Sivyo.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupewa chakula baada ya mlio fulani, hutokwa na mate kwa kusikia mlio peke yake. Kwa mjomba, harufu ya mabibo ndiyo iliyokuwa mlio.

Baada ya harufu hufuata maneno ya moyoni. Mjomba mwenyewe alinieleza: "Mpwa wangu, maneno hayo ni matatu. La kwanza: nimeokota korosho kutwa, nastahili kidogo. La pili: kikombe kimoja tu. La tatu huja nikisha kunywa: nimekwisha haribu, basi na ninywe mpaka mwisho." Neno hilo la tatu ndilo lililokula fedha zote za korosho mwaka juzi, nami nikakosa sare ya shule.

Alipokwenda hospitali, mganga alimwonya asiache ghafula bila kuangaliwa, maana mnywaji mkubwa aweza kutetemeka, hata kushikwa na degedege. Kisha alimfundisha kuyajibu maneno yale. Moyo ukisema "kimoja tu", aulize: "Mara iliyopita kimoja kilizaa vingapi?" Tena angoje, kwa sababu hamu ni kama wimbi: hupanda, na mara nyingi hushuka kabla ya nusu saa. Katika muda huo huja kwetu tukazungumza.

Hajashinda kabisa. Msimu uliopita alianguka mara mbili. Lakini mara zote mbili alilikataa lile neno la tatu, na asubuhi alikwenda shambani. Sare ninayovaa sasa aliinunua yeye.

Wenzangu, tusimcheke mlevi. Nasi tunayo maneno yetu: "Sigara moja tu", "Nitasoma kesho". Mazoea yana taabu, lakini huanza na neno dogo moyoni. Tulijibu mapema.