Nazi Iingie Mwisho

Ukiishi Bagamoyo, pesa ya jikoni hupotelea sehemu mbili. Ya kwanza ni chakula kinachochacha usiku. Ya pili ni mboga unayonunua gengeni huku inaota yenyewe nyuma ya nyumba. Zote mbili zina dawa, na dawa yenyewe haidai jiko la kisasa.

Tuanze na nazi, maana ndiyo inayotuponza. Chakula kilichoungwa nazi hakina subira. Kwa joto letu la pwani, maharage ya nazi yaliyobaki jikoni tangu jioni huamka yamechacha. Unayamwaga, na unamwaga pamoja nayo nazi, kitunguu, nyanya na mkaa uliokwisha kuwaka. Kwa hiyo shika kanuni moja: pika chukuchuku kwa wingi, kisha unga nazi kile tu utakachokula sasa hivi.

Chukua mbaazi. Loweka nusu kilo usiku. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, chemsha hadi ziwe laini bila kuvurugika. Chumvi tia mwishoni. Sasa zigawe. Fungu moja liunge nazi kwa chakula cha jioni. Jingine liache na maji yake, likipoa liweke kwenye friji. Asubuhi ndipo uliunge nazi, ule na maandazi. La tatu likaangie kitunguu na nyanya bila nazi kabisa, ule na ugali kesho mchana. Umewasha moto mkubwa mara moja tu, na hakuna atakayelalamika kwamba kila siku ni mbaazi zilezile, kwa sababu ladha ni tatu.

Huna friji? Fanya mafungu mawili tu, la jioni na la asubuhi. Kabla ya kulala chemsha lile la asubuhi litokote, funika, usifunue tena. Ukiamka lichemshe upya kabla ya kuliunga. Likitoa povu au harufu ya uchachu, usilionje. Mwaga.

Maharage, choroko na kunde fuata mtindo huohuo. Hata kisamvu. Kilichochemshwa bila nazi utakipa sura mpya kesho.

Nazi yenyewe ichague vizuri. Itikise sikioni: yenye maji yanayocheza ni nzima, iliyo kimya iache. Angalia macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevu, rudisha. Na mwambie muuzaji akuvunjie pale pale, usije ukafungua nyumbani ukakuta imeoza.

Ukishakuna kwenye mbuzi, usimimine maji mengi kwa pupa. Tia kikombe kidogo cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Tia maji tena, kamua mara ya pili na ya tatu: hilo ni tui jepesi. Mboga ipikie kwenye tui jepesi hadi iive. Tui zito liingie mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, ukikoroga bila kuacha hadi litokote kidogo. Hivyo halikatiki, na nazi moja inatosha pale ambapo wengi hutumia mbili. Wanaomwaga tui lote kwa pamoja mwanzoni wanachemsha utamu wenyewe ukaondoka.

Machicha usitupe. Yakaange kwenye kikaango kikavu hadi yabadilike rangi, kisha yatwange na pilipili, chumvi, kipande cha kitunguu saumu na ndimu. Hiyo ni chatne ya kulia muhogo wa kuchemsha au bajia. Mengine changanya kiganja kimoja kwenye unga wa maandazi. Yakibaki, wape kuku. Vifuu na makumbi yanawashia moto vizuri kuliko mafuta ya taa unayonunua.

Sasa nenda uani.

Mchicha ukimwagwa kwenye kiroba cha udongo wenye samadi utauchuma ndani ya wiki tatu hadi nne. Usiung'oe. Kata juu, uache shina lichipue tena. Matembele ni rahisi zaidi: mwombe jirani marando, chomeka vipande virefu kama shubiri mbili, mwagilia jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke huko huko. Mashina ya vitunguu maji yenye mizizi yachomeke kwenye kopo lililotobolewa chini, na majani yake yatakutosha kwa kachumbari na mayai.

Kisamvu kina sharti lake. Chuma machipukizi tu, tena kwa kuzungusha mti hadi mti. Ukikwanyua majani yote ya mti mmoja, mizizi yake haitanenepa. Twanga kilainike, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi, nusu saa au zaidi. Usifunike: muhogo una sumu inayotoka na mvuke, na kifuniko kinairudisha chunguni. Ukipata kisamvu cha mpira, kile cha mti mrefu unaopandwa uani, utapenda ulaini wake, lakini sharti ni lilelile. Kikiiva na maji yakikaribia kukauka, ndipo tui. Karanga zilizotwangwa zikiwepo, tia. Zisipokuwepo, kisamvu hakiharibiki.

Mchunga nao usiudharau kwa sababu unaota bure pembeni mwa shamba. Uchemshe, mwaga maji ya kwanza upungue uchungu, kisha unga nazi. Wazee wanaupenda. Watoto watauzoea.

Nyanya zikipanda bei, acha kuzifukuza. Pwani hatujawahi kukosa uchachu. Mbilimbi tatu nne zilizokatwa zinatosha mchuzi wa samaki. Ukwaju ulowekwe, uminywe, uchujwe. Embe bichi likunwe. Mti wa mwembe hauko mbali na mtu yeyote hapa. Ile miembe ya njia ya Misheni ilipandwa mwaka 1871 na bado ipo. Msimu ukifika, embe changa zikate vipande, zipake chumvi, zianike jua kali zikauke, uzihifadhi kwenye chupa. Mbilimbi pia hukubali hivyo hivyo. Mwezi ambao nyanya haishikiki, utafungua chupa.

Kwenye samaki ndipo busara inapolipa zaidi, maana tunaishi mlangoni pa bahari na bado kuna watu wanakula maharage wiki nzima wakidhani samaki ni wa mahoteli.

Usiende soko la samaki ukiwa umeshaamua jina la samaki. Nguru, kolekole na kamba wana wateja wao wenye magari. Wewe angalia mafungu: vibua, tasi wadogo, changu wadogo, dagaa. Mnada unapoanza kaa pembeni, tazama bei inavyokwenda. Madalali wakimaliza biashara kubwa, wachuuzi wanagawa mafungu, na fungu la mwisho mtu hataki kurudi nalo nyumbani. Salimia kwanza, kisha uliza: "Kaka, haya mawili ya mwisho nikichukua yote unanifanyia ngapi?" Maneno hayo mawili, "nikichukua yote", yanashusha bei kuliko kulalamika.

Macho ya samaki yawe yamejaa na maangavu, mashavu mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Macho yaliyozama, achana naye hata kama ni wa bure.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza hupatikana kwa wingi na bei inalegea. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti sawasawa, dagaa wanaadimika. Kabla ya kutoka na kikapu, tazama juu jana yake usiku. Vivyo hivyo na upepo: kusi likivuma bahari huchafuka, vyombo vingi havitoki, na samaki mbichi hupanda. Miezi hiyo ndiyo ya kula ng'onda na dagaa wakavu uliowaweka wakati wa neema.

Ng'onda unaweza kutengeneza mwenyewe. Mpasue samaki mgongoni, mfungue kama kitabu, mtoe matumbo, mwoshe, mkande chumvi ya mawe kila kona. Mlaze usiku mmoja kwenye beseni lililofunikwa. Asubuhi mwage maji aliyotoa, umwanike juani kwenye wavu au kamba, mbali na mchanga, ukimgeuza. Jioni mwingize ndani. Rudia hadi awe mkavu na mgumu. Chumvi ya mawe inapatikana hapa hapa, mashamba ya chumvi ya Nunge hayako mbali. Ila itumie kwa kazi hiyo tu. Ya kutia chakulani nunua ile ya pakiti yenye madini joto, kwa sababu ya tezi la shingo.

Samaki mbichi mnunue mzima. Wapaaji wa sokoni watamparua na kumtoa matumbo kwa pesa kidogo, lakini kichwa na mifupa dai urudi navyo. Vichemshe na kitunguu, tangawizi, pilipili na ndimu, na una supu ya watu wanne kutoka kwenye kitu ambacho wengine wanawaachia paka. Wale uliobaki nao, kaanga wote siku hiyohiyo, hata wa kesho. Samaki wa kukaanga anavumilia. Kesho unapika mchuzi wa nazi mwepesi, unamtumbukiza dakika chache za mwisho, na anatoka laini bila kumeguka. Mafuta yaliyobaki chuja, weka kwenye chupa ya peke yake, yatumie kwa samaki tu mara moja au mbili. Yakiwa meusi au yakianza kutoa moshi mapema, yameisha.

Muhogo ukiwa wako shambani, ghala lake ni ardhi. Chimba wa leo tu. Ukishang'olewa, siku mbili tatu unaanza kuwa na mishipa ya bluu. Ikibidi uvune mwingi, menya, pasua, anika uwe makopa, usage unga. Wa kuchemsha uliobaki upondeponde ungali vuguvugu, changanya na mabaki ya samaki uliyoyachambua miiba, kitunguu, pilipili na ndimu, finyanga vidonge, chovya kwenye yai, kaanga. Hizo ni katlesi ambazo ungenunua. Hapa ndipo zinapoingia slesi za mkate uliokauka: zisugue ziwe chenga, uzungushie.

Wali uangalie sana. Kiporo cha wali hakipaswi kulala kwenye sufuria juu ya jiko. Baadhi ya vijidudu vyake havifi kwa kupashwa moto. Ukimaliza kula, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke. Wali mweupe ndio wa kuweka. Wali wa nazi pika wa kuisha. Kama huna friji, pima mchele kwa vichwa, kisha ongeza kikombe kimoja cha mgeni, basi.

Kiganja cha kiporo hicho kilicholala kwenye friji kinafaa kwenye vitumbua. Mchele uliolowekwa usiku ukiusaga na tui, hamira, sukari na iliki, tia na wali huo usagike pamoja. Vitumbua vinakuwa laini zaidi.

Ugali wa jana kata vipande, uchome kwenye kikaango chenye tone la mafuta hadi upate ganda, unywe nao chai ya rangi. Chapati zilizokauka zikate nyembamba, kaanga kitunguu, hoho na karoti, vunja yai, tupia chapati, geuza haraka. Chakula cha mchana hicho.

Kuhusu mkaa: maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu nusu saa. Kisha ondoa sufuria na kifuniko chake, ifunge kwa kanga kuukuu, itumbukize kwenye kapu lililojazwa matambara au blanketi, uifunike juu. Iache saa tatu au nne. Yanaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe huku wewe ukiwa kazini. Ukirudi, yarudishe motoni yatokote, malizia ulaini. Hata mwenye gesi afanye hivyo, mtungi utakaa zaidi.

Mfungo ukikaribia, usisubiri mwezi uandame ndipo uende sokoni. Magimbi, viazi vitamu na tambi hupanda siku hiyohiyo. Tambi, sukari na mbaazi kavu nunua wiki mbili kabla. Futari ya muhogo na mashelisheli pika chukuchuku kiasi cha siku, halafu chota ya kwenu kwanza, uiunge nazi. Ile ya kumpelekea jirani iunge ukishasikia adhana, imfikie ikiwa ya moto.