Kufundisha Maana ya Chaguo-msingi

Katika somo la kompyuta, neno chaguo-msingi halina budi kuelezwa mapema. Maana yake ni jibu linalotumika pale mtu asipotoa jibu lake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Buildroot, zana ya kutengenezea mfumo wa Linux wa vyombo vyenye kompyuta ndogo ndani yake. Mtengenezaji hupewa orodha ndefu ya maswali, na mengi yamekwisha kuwekewa jibu. Hivyo hupunguziwa kazi: hubadili machache, na faili fupi iitwayo defconfig huhifadhi hayo tu. Lakini nywila ya msimamizi mkuu huachwa tupu asipoijaza. Kwa majaribio ya mezani hapana neno. Kwa chombo kitakachouzwa ni hatari. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani zilizobaki vile vile.

Darasani tunashauri hatua hizi:

(a) Mwalimu agawe fomu ya chai iliyokwisha kujazwa: sukari, vijiko viwili, maziwa, ndiyo. Atangaze kwamba atakayenyamaza atapata kama ilivyoandikwa.

(b) Wanafunzi wamtaje atakayedhurika akinyamaza, kwa mfano mgonjwa wa kisukari.

(c) Waeleze aliyejaza fomu alimfikiria nani.

Ndipo mwalimu arejee kwenye nywila tupu na kuwauliza swali lile lile la tatu. Wakilijibu vema, wameelewa kwamba kunyamaza nako ni kuchagua.