Mwanafunzi Kabofya Kiungo: Ukurasa wa Chuo Umsaidieje?

Kurasa nyingi za usalama wa taarifa kwenye tovuti za vyuo zimeandikwa kana kwamba msomaji wake ni mkaguzi. Ukifungua unakuta sera ya TEHAMA katika faili la PDF, picha ya kufuli, dira ya kurugenzi, basi. Anayeuhitaji ukurasa huo ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, saa nne usiku, simu mkononi na bando linaelekea kuisha. Ametoka kuandika nenosiri lake kwenye kiungo kilichotumwa kundi la WhatsApp, kikidai kwamba majina ya nyongeza ya mkopo yametoka. Huyo ndiye wa kuandikiwa.

Kwa hiyo juu kabisa, kabla ya salamu na kabla ya sera, weka vitufe vichache vikubwa vyenye maneno yake mwenyewe: “Nimebofya kiungo nisichokiamini”, “Siwezi kuingia kwenye akaunti yangu”, “Simu yangu imeibwa”. Hakuna mtu hosteli anayemwambia mwenzake kwamba amepatwa na “tukio la kiusalama la TEHAMA”. Akikuta kichwa cha namna hiyo atakipita akidhani ni mambo ya ofisi.

Chini ya kila kitufe weka hatua tatu au nne, kwa kufuata kinachowahi kuharibika. Aliyetoa nenosiri alibadilishe sasa hivi, aondoe akaunti kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa, abadilishe pia kila mahali alikotumia nenosiri hilohilo, ndipo atoe taarifa. Aliyeibiwa simu aanze na laini. Namba za uthibitisho zinapokelewa hapo na pesa zake zimo humo, hivyo kupiga mtandao wake laini ifungwe kunatangulia hata kwenda polisi. Kwa Tanzania ongeza mambo mawili ambayo wengi hawayajui mpaka wayahitaji: *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na 15040 ya kupeleka ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Kuna makosa mawili ya usanifu yanayoniumiza kila ninapoyaona, kwa sababu yanamfungia mlango mtu aliyekwama. La kwanza ni kuuweka ukurasa nyuma ya nenosiri. Aliyenyang’anywa akaunti ataingiaje? Uache wazi kwa kila mtu, wakiwemo wazazi na waombaji wa udahili, kwani matapeli huwaandama hao pia. La pili ni kuelekeza taarifa zitumwe kwa barua pepe ya chuo pekee, wakati barua pepe hiyo ndiyo iliyoibwa. Toa na namba ya simu ya ofisi, si ya mtumishi binafsi, na eleza dawati lilipo: jengo gani, chumba gani, linafungwa saa ngapi. Kama usiku hakuna wa kupokea, sema hivyo waziwazi, kisha orodhesha anayoweza kuyafanya peke yake mpaka asubuhi.

Lugha ya ukurasa isimtishe. Mwanafunzi akisoma “uzembe wa mtumiaji” na “hatua za kinidhamu” kabla hajaona namba ya kupiga, atanyamaza, na akaunti yake itaendelea kutuma viungo kwa darasa zima. Mwambie kwamba kutoa taarifa mapema kunasaidia wenzake, na nini kitafuata akishatoa: nani atampigia, na kwamba hataulizwa nenosiri. Sentensi ya “Chuo hakitakuomba kamwe nenosiri wala namba ya uthibitisho” iwe kwa herufi nene, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Mifano ya utapeli inafundisha kuliko maelezo. Weka picha ya ujumbe halisi uliowafikia wanafunzi, lakini ufute majina na namba za watu, uhakikishe kiungo hakibofyeki, na upitishe neno UTAPELI katikati ya picha. Picha hiyo itakatwa na kusambazwa bila maelezo yako, na bila alama hiyo utakuwa umemsaidia tapeli. Pembeni onyesha jinsi ya kusoma anwani: vyuo vya Tanzania hutumia ac.tz, na baada ya ac.tz panapaswa kuwa na mkwaju au pasiwe na kitu. Ikifuata nukta na maneno mengine, hapo si chuoni.

Steshenari za jirani na chuo zinastahili sehemu yake, maana ndiko barua pepe zinakoachwa wazi na flashi zinakochukua virusi. Kuhusu nenosiri, acha amri ya kulibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Taasisi ya Marekani ya viwango, NIST, iliiondoa katika miongozo yake ya 2017, kwa kuwa watu huishia kuongeza tarakimu mwishoni tu. Sisitiza urefu na uthibitisho wa hatua mbili. Usitoe mfano wa nenosiri zuri, utanakiliwa ulivyo.

Wahadhiri wawe na kitufe chao. Jedwali la matokeo lenye majina, likibandikwa kwenye kundi la darasa, linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Ukurasa uwe mwepesi, bila video inayojicheza. Maandishi yawe ndani ya ukurasa wenyewe, si ndani ya picha, ili programu za kuwasomea wasioona ziyafikie. Rangi ya maandishi na ya nyuma yake zitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kama miongozo ya WCAG ya ufikivu wa tovuti inavyotaka.

Kisha tafuta wanafunzi watano wasiosoma kompyuta. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alishaeleza mwaka 2000 kwamba idadi hiyo inatosha kufichua kasoro nyingi. Wape simu ya kawaida, waambie “umebofya kiungo kibaya, fanya unachopaswa kufanya”, nawe ukae kimya uangalie kidole kinasita wapi. Rudia kila mwaka kabla ya usajili wa wapya, na siku hiyohiyo piga ile namba ya dawati uone kama inapokelewa.