Kutafuta Tanzia za Wazee Wetu Mtandaoni



Wengi wetu tuliokulia Kampala, Arua au Nairobi kabla ya kurudi Juba tunamjua babu, pengine na baba yake babu, kisha uzi unakatika. Mzee wa Malakia anasema ndugu za baba yake walikwenda kusini na askari. Bibi wa Kibera anasema kwao asili ni huku, karibu na mto. Huenda ni ukoo mmoja, lakini nani ataunga? Kijana hufungua simu, huandika jina la mzee na neno "tanzia", hapati kitu, anaacha. Somo hili linaeleza kwa nini hakupata, na wapi pengine angepata.

Kuijua nasaba si anasa. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametuagiza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Na bila nasaba mirathi haigawanyiki, wala hujui nani ni maharimu wako.

Lakini dini hiyohiyo ndiyo sababu ya kwanza ya tanzia zetu kuwa chache. Kurasa za matangazo ya vifo katika magazeti ya Nairobi, zile zenye picha na orodha ndefu ya jamaa, zinafaa kwa maiti atakayezikwa baada ya wiki nzima. Wetu akifa asubuhi, aghalabu huzikwa baada ya Adhuhuri au Alasiri. Kaburi limeshafunikwa kabla gazeti la kesho halijachapwa. Habari imekwenda kwa kipaza sauti cha msikiti na kwa simu. Kuna pia hadithi ya Hudhaifa (r.a.) inayokataza kutangaza kifo. Maulamaa wengi wameifahamu kuwa ni kule kutangaza kwa kijahilia, kwa kelele na kujifakharisha, kwa sababu Mtume mwenyewe aliwapasha Masahaba habari ya kufa kwa Najashi wa Uhabeshi siku ileile na akamsalia. Basi tangazo linajuzu, ila wazee wetu walilifanya fupi, na mara nyingi kwa mdomo tu.

Kwa hiyo usianze na magazeti. Anza na mirathi. Mwislamu anaweza kuzikwa bila mstari mmoja wa gazeti, lakini akiacha nyumba au kiwanja, lazima mtu aandike ni nani warithi wake.

Chukua mfano wa Wanubi, maana historia yao inaanzia hapa kwetu. Askari wa Emin Pasha, gavana wa Ikweta, walitengwa na Khartoum baada ya Mahdi kushinda. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua waliobaki Kavalli akawaingiza Uganda, na wengi wa watoto wao wakawa askari wa King's African Rifles iliyoundwa mwaka 1902. Bombo ya Uganda na Kibera ya Nairobi zilikua kutokana na vijiji vyao. Hata jina Kibera ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Mjukuu wa askari hao akifa Kibera, jina lake linaweza kuonekana mahali pawili.

Pa kwanza ni Gazeti Rasmi la serikali ya Kenya. Mtu akiomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu, tangazo huchapwa humo: jina la marehemu, alikokuwa akiishi, mahali na tarehe aliyofia, jina la mwombaji, na mara nyingi kama ni mjane au mtoto. Matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni, unasoma bila malipo. Pa pili ni hukumu za Mahakama za Kadhi, ambazo baadhi yake zimo katika tovuti ya Kenya Law. Hapa ndipo hasa pa kukaa usiku kucha. Kadhi hawezi kugawa kabla hajajua wake, wana wa kiume, mabinti na wazazi walio hai, kwa hiyo anawataja. Ukurasa mmoja wa hukumu unaweza kukupa ndugu ambao tanzia tano zisingekupa.

Kama mzee alikuwa askari, tafuta pia katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ukimkosa, usiseme hakufa vitani. Ripoti ya tume hiyo ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na idadi huenda ikafika 350,000. Na usishangae ukimpata mtu wa Juba katika karatasi za Nairobi kabla ya za hapa: nyaraka za serikali yetu zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema kabla ya kazi ya kuzipanga kuanza.

Sasa majina, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Qasim wa vitabuni ni Gasim kwa Msudani na Kassim kwa Mswahili. Osman wa Juba ni Othman au Athumani akifika pwani. Ramadan, Ramadhani na Rumadhan anaweza kuwa mtu mmoja, kulingana na karani aliyeshika kalamu. Andika namna zote katika daftari kabla ya kutafuta, pamoja na herufi za Kiarabu, na uongeze jina la mtaa. Hatuna jina la ukoo kama Wazungu. Jina la pili ni la baba na la tatu la babu, kwa hiyo ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali hulingana majina, na mtu na binamu yake wanaweza kutofautiana.

Tarehe nazo zina njia yake. Wazee husema "alikufa Ramadhani, mwaka wa amani ya Addis Ababa". Mkataba huo ni wa Februari 1972, na Ramadhani ya mwaka huo iliangukia Oktoba. Tayari una mwezi wa kutafuta. Ibn Khallikan, aliyemaliza kitabu chake cha wasifu wa watu mashuhuri mwaka 1274, alishikilia kuwaingiza wale ambao tarehe zao za kufa aliweza kuzithibitisha. Sisi tunatafuta babu zetu tu, lakini kanuni yake inatufaa.

Ukipata tanzia, uliza nani ameiandika. Aliyetangaza ndiye aliyechagua wa kutajwa, na mke wa pili aliye Bombo anaweza kuachwa nje pamoja na wanawe. Usiipeleke kwa Kadhi kama ushahidi wa nasaba, na usiirushe kwenye kundi la familia kabla hujamsomea mzee mmoja wa kila upande. Yako mambo ya ndoa na talaka ambayo wenyewe waliyasitiri.

Na tazama tanzia tunazotuma wenyewe: "Mama Halima ametutoka, maziko baada ya Alasiri, bika ni nyumbani kwake." Mama Halima yupi, binti wa nani, nyumbani wapi? Ongeza mstari mmoja wenye jina lake mwenyewe, la baba na la babu, mji aliozaliwa, na tarehe zote mbili, ya Hijria na ya Miladia. Kisha inakili kwenye daftari, kwa sababu simu inaibiwa Konyo Konyo na ujumbe unakwenda nayo.

Wallahu aalam.