Maikrowevu Nyumbani: Punguza Nguvu, Koroga, Subiri

Kijitabu cha kaya za Kariakoo, Gerezani, Mchikichini na Upanga. Ukishasoma, msomee na dada wa kazi.

Siku hizi maikrowevu iko hata kwenye chumba cha kupanga. Lakini kitufe cha nguvu kikishazungushwa mpaka HIGH siku ya kwanza, hakiguswi tena. Wali HIGH, kuku wa barafu HIGH, uji wa mtoto HIGH. Chakula kinachemka pembeni, katikati kimebaki baridi. Wa pembeni anaungua mdomo, wa katikati anaharisha. Wagonjwa hawa sisi wahudumu wa afya tunawapokea kila mara, na wote wangeweza kuepuka.

Punguza nguvu. Koroga. Subiri.

Maneno kwenye kitufe
HIGH ni nguvu yote. MEDIUM ni kama nusu. DEFROST, kwa mashine nyingi, ni kama theluthi. LOW iko chini zaidi. Ukiweka MEDIUM, kwa mashine nyingi utaisikia inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena. Haijaharibika. Inaponyamaza ndipo joto linapata nafasi ya kuingia ndani.

Chai na maji
HIGH inafaa. Weka kijiko cha mti kikombeni, maana maji yaliyopitiliza moto hutulia kimya, kisha yakakurukia usoni unapotia majani.

Wali, pilau, maharage, mchuzi wa nazi
MEDIUM. Tandaza chakula, usikirundike. Nyunyizia maji kidogo, funika, acha upenyo. Pasha dakika 2, toa, koroga mpaka chini, rudisha. Mvuke utoke mpaka katikati. Kisha acha dakika 2 kabla ya kupakua. Hata kama baba amerudi kutoka dukani saa tano usiku na njaa yake: koroga, subiri.

Wali uliolala mezani, mwaga. Joto la Dar es Salaam huuharibu kabla haujanuka, na sumu yake haitoki hata ukiuchemsha. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa 4. Pasha unachokula sasa tu, usikipashe mara ya pili.

Kuku, nyama, samaki wa soko la Feri walioganda
DEFROST. Ukiweka HIGH, ngozi inaiva na mfupa bado barafu. Geuza, tenganisha vipande, pika papo hapo. Usirudishe kwenye friza.

Maziwa ya mtoto
Usiyapashe kwenye maikrowevu. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Chupa huweza kuwa vuguvugu mkononi huku maziwa yakiunguza koo. Uji wake ni MEDIUM, na ukoroge, usubiri, udondoshee tone mkononi mwako kwanza.

Yai zima
Kamwe. Hulipuka.

Vyombo
Tumia kioo au udongo. Sufuria, bakuli la bati, foili na sahani zenye urembo wa dhahabu hutoa cheche. Ndoo za aiskrimu, chupa za maji, mifuko ya nailoni na makontena ya chipsi hulainika na kuingia kwenye chakula.

Mtu akiungua
Maji ya bomba dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala unga.

Mtu akiharisha
Mpe ORS mara kwa mara. Akilegea, macho yakiingia ndani, au ukiona damu chooni, mpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana usiku huohuo.