Mwanangu anasema kuberi inamsahaulisha

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Hirbadaw, Wilaya ya Hanang. Mume wangu anachimba Mirerani na hurudi nyumbani akijaliwa. Pengine miezi mitatu inapita. Mtoto wetu wa pili, wa kiume, ana miaka 12, yuko darasa la sita. Siku za mnada huenda na mjomba wake kupeleka mbuzi, na huko ndiko alikozoeana na vijana wa bodaboda.

Mwezi uliopita nilikuwa nafua kaptula yake ya shule nikakuta kipakiti cha kuberi mfukoni. Akasema anamtunzia rafiki. Nilimchapa. Siku nyingine nikasikia harufu ileile mdomoni, nikamwapisha kwa Biblia, akaapa. Mwalimu naye alimsimamisha mstarini akawaambia wanafunzi wote kwamba dawa za kulevya zinaua. Wiki haijaisha nikamkuta nyuma ya zizi, mdomo wa chini umetuna kwa alichokibana. Safari hii hakukataa. Alisema, "Mama, inanisahaulisha."

Alimpoteza binamu yake kwenye tope la Katesh, Desemba 2023. Wakati wa likizo walikuwa wakilala kitanda kimoja. Tangu hapo usingizi wake ni wa kushtukashtuka.

Baba yake anasema nimpeleke bweni. Baba mkwe anasema huo ni utoto tu, hata yeye alianza ugoro akiwa mdogo, na mpaka leo anamtuma mtoto huyohuyo dukani kumletea. Mimi naogopa bangi na mirungi, maana wale vijana wanavyo. Shangazi, nimfundishe nini ili akatae mwenyewe nisipokuwepo?

Mama H., Hirbadaw

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole kwa mzigo ulioubeba peke yako.

Katika barua yako yote, jambo zito kuliko kipakiti cha mfukoni umelipitia kwa mistari michache: mtoto amefiwa, na amekwambia anachotafuta kwenye kuberi. Anayesema hivyo nyuma ya zizi, huku akijua fimbo ipo, hajawa sugu. Bado anakuamini. Shika hapo, kwa sababu ukimpokonya kuberi bila kugusa anachotaka kukisahau, atatafuta kingine, na vijana wale hawatamnyima.

Tuanze na kuberi yenyewe. Ni tumbaku, hata ikiuzwa kwa jina la kuburudisha kinywa. Nikotini iliyomo ndiyo inayompa kile kizunguzungu akiibana chini ya mdomo, na ndiyo itakayomdai nyingine kesho. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu, kwa hiyo mtoto hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Akiacha, siku za mwanzo atakuwa na hasira za karibu na atashindwa kutulia darasani. Usimwite jeuri, ni mwili unadai. Hali hiyo hupungua kadiri wiki zinavyokwenda.

Sasa swali lako. Umemchapa, umemwapisha, mwalimu amemtisha. Nyote mlimtakia mema, ila vitisho vimejaribiwa kwingine kwa fedha nyingi na havikufua dafu. Mwaka 1983 huko Los Angeles, Marekani, ulianzishwa mpango wa D.A.R.E., ambapo polisi waliingia madarasani kuwaeleza watoto ubaya wa dawa za kulevya. Ukaenea sehemu kubwa ya nchi. Watafiti walipowafuatilia watoto wale, walikuta hawana tofauti ya maana na wenzao ambao hawakufundishwa. Mwongozo wa kinga wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, uliohuishwa mwaka 2018, nao unaonya kwamba kutoa habari peke yake, hasa za kutisha, hakumzuii mtoto. Mwanao anajua kuberi ni mbaya. Ndiyo maana aliificha.

Kilichoonekana kusaidia ni stadi za maisha: mtoto afanye mazoezi ya kukataa, kutuliza hasira, kufanya uamuzi na kuomba msaada, tena na tena mpaka azoee. Gilbert Botvin na wenzake walijaribu njia hiyo katika shule 56 za New York. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995 yalionyesha kuwa wanafunzi waliofundishwa barabara wakiwa darasa la saba, kisha wakakumbushwa katika miaka miwili iliyofuata, walitumia sigara, pombe na bangi kidogo kuliko wenzao hata walipofika mwisho wa sekondari.

Mazoezi hayo yanawezekana hapo nyumbani, mkiwa mnapukuchua mahindi. Wewe uwe kijana wa bodaboda, yeye awe yeye. Usicheke, wala usimwonee huruma.

"Oya dogo, njoo uonje, leo ya bure."

"Sitaki, kaka."

"Unamwogopa mama? Mwanaume gani wewe?"

"Sitaki. Mjomba ananisubiri na mbuzi."

"Kaa kidogo bwana, tutakupeleka na pikipiki."

"Naenda."

Na aende kweli: ainuke, avuke uwanja, asigeuke. Ametoa jibu fupi, hakubishana, alikuwa na sababu ya kweli, kisha akatumia miguu. Mtoto anayeanza kuwahubiria vijana wa miaka ishirini madhara ya tumbaku atachekwa na kuzuiwa palepale. Rudieni kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha wanayosemeshana mnadani, iwe Kiswahili, Kiiraqw au Kidatooga. Halafu badilishaneni: yeye awe kijana wa bodaboda, wewe uwe mtoto. Hapo utasikia maneno wanayomwambia hasa, ambayo hata ungemchapa asingekutajia.

Usimkataze mnada moja kwa moja. Kupeleka mbuzi ni kazi ya heshima kwa mtoto wa kiume wa huko, na ukimnyima kabisa utamwachia vijiwe. Ila mjomba asimwache azurure akishauza. Wakubaliane alama yao wawili: mtoto akimfuata na kusema yule mbuzi mweusi anachechemea, mjomba aache alichokuwa akifanya na waondoke pamoja, bila kumhoji mbele za watu.

Lakini kujua kukataa mnadani hakutamsaidia usiku, na usiku ndipo binamu yake anaporudi. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang alfajiri ya Desemba 3, 2023 liliua watu zaidi ya 80. Tulizika, tukapeana pole, tukarudi mashambani. Watoto wengi hawakuulizwa kitu. Muulize wako. Mtaje marehemu kwa jina lake, umwombe akusimulie michezo yao ya likizo. Akilia mwache alie, usimwambie wanaume hawalii. Mkipata nafasi ya kwenda Katesh, nendeni pamoja kaburini. Akishtuka usiku, kaa naye kitandani, aweke mkono tumboni, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu zaidi ya alivyoivuta, mpaka moyo utulie. Hilo nalo ni zoezi. Mfundishe mchana, asingoje ndoto.

Msimulie pia habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, jirani zenu. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Watu humsifu kwa kumaliza mbio. Mwanao mwonyeshe jambo ambalo picha za siku ile zinalo wazi: mguu una bandeji. Mzee yule alikubali kufungwa kidonda, ndipo akaendelea kukimbia. Mtoto akijua kwamba mtu shupavu naye huhudumiwa, hataona haya kukwambia ameshindwa kulala.

Nije kwa wakubwa wa nyumba. Mtoto anayetumwa ugoro amekwisha kufundishwa duka, bei na namna ya kuficha kifurushi, na aliyemfundisha ni mtu anayempenda. Hata hivyo si wewe wa kumkanya baba mkwe. Mumeo ampigie baba yake na kumwomba kwa adabu. Mzee abaki na ugoro wake, ila amtume mtu mzima. Tena apewe kazi ambayo wewe huiwezi: amkalishe mjukuu jioni amwambie kwa kinywa chake kama amewahi kujaribu kuacha na ilivyomshinda. Hakuna hotuba ya mstarini itakayofikia hiyo.

Kuhusu bweni, nasema hapana kwa sasa. Mtoto aliyempoteza mwenziwe wa kulala naye, unamwondoa tena kwa mama, kwa mjomba na kwa ndugu zake? Na nani amekuhakikishia kwamba kuberi haiingii bwenini? Baba yake akitaka kusaidia, apige simu siku maalumu, tuseme kila Jumapili jioni, azungumze na mwanawe kabla ya kuzungumza nawe. Aulize mbuzi, mpira na hesabu za darasani. Asianze na kuberi.

Fimbo iweke kando. Haijamwachisha; imemfundisha kwenda nyuma ya zizi. Weka sheria chache anazozijua: saa ya kurudi, mahali pa kutokwenda, na kwamba akivunja sheria haendi mnada unaofuata. Uzitimize bila kelele. Na siku akikwambia, "Leo wamenipa nikakataa," acha unachofanya umpongeze.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Huko Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Wazazi wakaafikiana saa za watoto kuwa ndani, wakawafahamu marafiki wa watoto wao, na serikali ikatoa fedha za michezo. Kufikia mwaka 2016 waliosema hivyo walikuwa asilimia 5. Ninyi hamna fedha za Iceland, ila mna vikao. Lipelekeni jambo hili kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kanisani, na kwa mwenyekiti wa kijiji: watoto wa shule wasionekane kijiweni giza likiingia, na mpira uwe na mtu mzima wa kuusimamia. Mwalimu mwombe kipindi cha Uraia na Maadili kiwe na igizo kama lile lenu la mahindi, na asimsimamishe tena mtoto mbele ya shule. Wanaouza bangi na mirungi si kazi yako kupambana nao. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea taarifa kwa simu namba 119.

Kuna dalili ambazo hazingoji ushauri wa gazetini: akikataa shule kabisa, akiacha kula, akigombana na kila mtu, akitamka kwamba heri afe, au ukigundua amehamia bangi. Hapo mpeleke hospitali, iwe Katesh au ile ya Haydom iliyopo tangu mwaka 1955, na uulizie huduma ya afya ya akili. Hiyo ni huduma ya kila mtu aliyeumia moyo, si ya wendawazimu peke yao. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye ni wako, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, haitozwi hela.

Leo jioni anza na marehemu, mtaje jina. Igizo la bodaboda lisubiri kesho.

Na ninyi wenye maduka mnaosoma safu hii, Hirbadaw na kwingineko: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara, pombe na vileo vingine. Mtoto akija na hela ya kuberi, au akisema ametumwa ugoro wa babu, mrudisheni nyumbani na hela yake.