Somo kwa Wenye Karakana: Transfoma Inayovuma Kupita Kiasi

Wakazi wenye karakana za kuchomelea, kuchaji betri au kutengeneza redio wanaifahamu sauti ya transfoma: mvumo mzito usiokoma tangu mashine iwashwapo. Mvumo hafifu ni wa kawaida. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha kiini hunyumbuka mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana hutetema mara 100 kwa sekunde. Kinachopaswa kushughulikiwa ni mvumo ulioongezeka ghafla, hasa ukiambatana na joto kali na harufu ya kuungua. Hali hiyo ikipuuzwa, karakana yaweza kushika moto.

Kabla ya kufungua kifaa, plagi ichomolewe kabisa. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo zitolewe umeme huo kwa resista, kisha zipimwe kwa mita kabla ya kuguswa.

Kwa transfoma ndogo, kama ya chaja au amplifaya, kipimo cha kwanza ni rahisi. Waya zinazotoa umeme kwenye transfoma hufunguliwa, ncha zake zikafunikwa kwa tepu, kisha transfoma huwashwa kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano kwenye waya wa kuingiza umeme. Balbu ikiwaka kwa mwanga mkali ilhali transfoma haina mzigo, waya za ndani ya koili zimegusana. Ugonjwa huo hauponi kwa kukaza nati. Koili isukwe upya au transfoma ibadilishwe.

Mwanga ukiwa hafifu, transfoma iunganishwe moja kwa moja na umeme, bado bila mzigo. Ikitulia, kosa liko mbele yake, na katika chaja ya betri diodi ndizo za kukaguliwa kwanza. Ikiendelea kuvuma pasipo kupata joto, basi kuna kitu kilicholegea.

Hapo plagi huchomolewa tena, na bolti zinazobana mabati membamba ya kiini hukazwa kwa usawa. Fundi asitupe mirija na washa za karatasi ngumu zinazozunguka bolti hizo, ingawa zinaonekana kama takataka. Kazi yake ni kuzuia bolti isiyaunganishe mabati kwa umeme. Zikikosekana, kiini hupata moto. Mabati yakiendelea kutetema, transfoma hupashwa joto kiasi, huzamishwa katika vanishi ya umeme hadi mapovu yaishe, kisha hukaushwa vyema kabla ya kuwashwa. Kuipaka vanishi kwa brashi kwa nje ni kuipamba tu. Vipande vya mpira chini ya miguu ya transfoma huzuia bodi ya mashine isiukuze mvumo.

Transfoma ya mviringo yenye bolti moja katikati ina sharti lake: bolti isiguse bodi ya chuma juu na chini kwa pamoja, kwani hujifunga kama waya mmoja uliogusana na transfoma huungua.

Maelezo haya hayahusu transfoma za nguzoni. Hizo ni za TANESCO, na mkazi anayesikia mlio usio wa kawaida akae mbali nazo na kutoa taarifa kwa ofisi ya shirika hilo iliyo karibu.